Mama ana pemfigasi: je, anaweza kuacha prednisoloni?

Swali
Wanajukwaa, salaam. Mama yangu alianza kwa vidonda vya mdomoni vilivyodhaniwa kuwa fangasi, kisha malengelenge laini yakamtoka kifuani na mgongoni, hadi daktari wa ngozi alipokata kipande kidogo cha ngozi kikapimwa na kuonyesha pemfigasi vulgarisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ngozi. Kila asubuhi anameza prednisoloni (dawa ya steroidi) miligramu 60 pamoja na azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Malengelenge mapya yamekoma, lakini uso umevimba na sukari imepanda, naye anataka kuiacha prednisoloni mara moja. Je, inafaa?

Mfamasia
Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Tafadhali mzuie. Mwili uliozoea dozi kubwa hiyo kwa wiki kadhaa huwa umepunguza kutengeneza kotisoli yake, homoni inayofanana na dawa hiyo, hivyo akiacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika na presha kushuka hadi kuhatarisha maisha. Isitoshe, azathioprini huchukua wiki sita au zaidi kabla haijafanya kazi ipasavyo, na ndiyo sababu hizo mbili huanzishwa pamoja. Daktari ndiye atakayepunguza dozi hatua kwa hatua. Sukari itibiwe, aulizie kalisi na vitamini D za kulinda mifupa, na damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa azathioprini inaweza kushusha chembe nyeupe na kudhuru ini. Kama anatumia alopurinoli ya gauti (ugonjwa wa maumivu ya viungo), daktari ajue leo hii, maana ikichanganyika na azathioprini huweza kudhoofisha vibaya sana uboho, sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu.

Daktari wa ngozi
Nakubaliana na mfamasia. Muulizeni daktari wake pia kuhusu rituksimabu, dawa ya dripu inayopunguza chembe zinazozaa kingamwili zinazoshambulia ngozi. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2017, baada ya miaka miwili asilimia 89 ya waliopewa dawa hiyo pamoja na prednisoni (dawa ndugu ya prednisoloni) ya muda mfupi hawakuwa na dalili tena bila kutumia dawa, ikilinganishwa na asilimia 34 ya waliotumia prednisoni pekee. Bei yake ni kubwa, jambo linaloniumiza kila ninapoiandika. Kabla ya kuianza ni lazima apimwe homa ya ini B, kwani virusi vilivyolala vinaweza kuamka.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimekagua mfuko wake wa dawa na alopurinoli imo, aliinunua kwa ajili ya maumivu ya kidole gumba cha mguu. Nampigia daktari wake sasa hivi.