Mjadala: Kodi ya cc 350 iliijenga au iliiharibu pikipiki ndogo ya kruza ya Kiitaliano?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Je, ni haki serikali kupanga kodi ya chombo kwa kupima ukubwa wa injini yake? Kwa magari tunalijua vizuri: gari likishuka bandarini Dar es Salaam, ushuru wa bidhaa unafuata cc zake. Leo lakini nawapeleka Italia, maana kule kodi ya aina hii ilikaa miaka mingi kwenye pikipiki, na ilichozaa kinaonekana.

Katika miaka ya sabini Waitaliano waliweka mpaka kwenye cc 350. Pikipiki iliyouvuka ilihesabiwa kuwa anasa. Miaka ya themanini mnunuzi wa pikipiki hiyo alitozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 38, na mwenzake aliyebaki chini ya mpaka akatozwa 18. Fikirieni pengo hilo kwa kijana wa kiwandani anayelipa kwa awamu.

Sasa twende Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como, nyumbani kwa watengenezaji wa pikipiki Moto Guzzi. Kampuni hii ilikuwa na kruza (pikipiki ya safari ndefu za utulivu) yenye heshima yake, California, iliyotokana na pikipiki walizouziwa polisi wa Los Angeles: usukani mpana, kiti cha kukaa kama sebuleni, injini kubwa inayovuta bila haraka. Mwaka 1973 Mwajentina Alejandro de Tomaso akaichukua kampuni, akataka pikipiki ndogo. Mhandisi Lino Tonti akachora V35 na V50, zikaonyeshwa Cologne mwaka 1976. V50 ilikuwa na cc 490. V35 ilikuwa na cc 346. Mnaona ilivyosimama ukingoni kabisa mwa mpaka!

Mwaka 1982 injini hiyohiyo ikavishwa nguo za California, ikaitwa V35 C. Mwaka 1986 ikaja Florida, ya 350 na ya 650, yenye kioo cha kukinga upepo na mabegi ya pembeni. Hapo ndipo ninapoumia. Kruza inataka injini inayovuta ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Pistoni ya V35 ina kipenyo cha milimita 66 na inasafiri milimita 50.6 tu, hiyo ni injini ya kupigwa resi, na nguvu zake kamili huzikuti mpaka uizungushe kama 8,000 kwa dakika. Ukaibebeshe mwili uleule unaobeba injini ya cc 643 ya ile Florida ya 650, na mabegi, na abiria? Waliifanya hivyo kwa sababu ya kodi. Msimamo wangu ni huo: kodi iliiharibu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, ila mimi ni fundi na hapa nakupinga. Umeihesabia kodi kazi ambayo haikuifanya. Cc 350 lilikuwa daraja la mashindano tangu zamani kabla ya De Tomaso. Mwanambio wa Kiitaliano Giacomo Agostini alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja hilo mara saba mfululizo, 1968 hadi 1974. Mwitaliano alipokuwa akisema "tatu na nusu" alikuwa anasema pikipiki ya kiume iliyokamilika.

Tena tazama Moto Morini ya Bologna. Mwaka 1973 waliingiza sokoni 3½ yao, cc 344, silinda mbili zilizopangwa kwa V ya digrii 72, kazi ya Franco Lambertini. Kichwa cha silinda ni bapa, na chumba cha moto kimechimbwa juu ya pistoni yenyewe. Ni rahisi kuchonga, na haili mafuta. Tonti alitumia mpango huohuo kwenye V35. Sasa mainjini mawili mazuri ya namna hii utayaita makosa ya mtoza ushuru?

Na kitu kimoja umekipita: shafti, ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. V35 haina cheni. Anayejua kubadilisha cheni na sproketi kila baada ya muda ataelewa kwa nini mtu wa kipato cha kawaida aliipenda.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, naishi Bergamo mwaka wa kumi na moja sasa, na nina Florida ya 350 niliyoinunua kwa mzee mmoja aliyeshindwa kuipanda. Mleta mada amesema kweli kuhusu kupanda milima. Nikielekea ziwani na mke wangu nyuma, kwenye kona za juu nashusha gia mbili, na lori huwa limeshanikaribia. Lakini kwenye barabara ya kando ya maji, kilomita sabini kwa saa, silinda mbili zikichungulia huku na huku mbele ya magoti, sijapanda chombo kitulivu kuliko hiki. Breki zake ni za mpango wa De Tomaso: ukikanyaga pedali, diski ya nyuma na moja ya mbele zinakamata pamoja. Ukiizoea hutaki nyingine.

Yule mzee aliniambia kwamba ile ya 650 asingeimudu kamwe. Kwake kodi ilimpa chombo.

Ila kama mnatafuta mfano wa kodi kuharibu, wekeni Ducati Indiana mezani. Ndugu Castiglioni, wenye kampuni ya pikipiki ya Cagiva, waliinunua Ducati mwaka 1985, na mwaka uliofuata wakatoa kruza yenye injini ya jamii ya Pantah, pikipiki ya Ducati, injini ya mbio yenye mikanda na vali za desmo (zinazofungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi), na ya 350 ikiwemo kwa ajili ya Italia. Hadi 1990 ilikuwa imeshafutwa. Morini nao walikuwa na Excalibur, 350 na 501.

Mchangiaji wa tatu

Mnazungumza pikipiki tu, swali la haki mmeliacha njiani. Cc hazisemi mtu anatumia barabara kiasi gani. Mwenye cc 650 anayetoka Jumapili tu anachoma mafuta machache kuliko mwenye 350 anayezunguka siku nzima, na bado wa kwanza ndiye aliyelipa 38. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari katika bajeti ya 2017/18 na kuihamishia kwenye mafuta. Anayetembea ndiye anayelipa. Huo ndio mpango ninaouunga mkono, ingawa najua bodaboda anaumia kuliko mwenye gari la kuegeshwa.

Mleta mada

Nimewasikia. La shafti na la yule mzee wa Bergamo nayakubali, yalinipita. Lakini tazameni kilichotokea kodi ilipoondoka. Kiwango cha 38 kilifutwa mwaka 1993, soko la pamoja la Ulaya lilipoanza, na pikipiki za 350 zikaanza kufifia. Ukoo wa V35 ulikuwa umeshafika cc 744, ukaishi ndani ya kruza ya Nevada, ukazaa V7 mpya mwaka 2008, na tangu 2021 V7 ina cc 853. Injini ilipofunguliwa kamba ilikimbilia kwenye ukubwa ulioifaa.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo umenisaidia, mkuu. Injini iliyochorwa kwa cc 346 na 490 pamoja, ikaja kubeba 643 na 744 kwa muundo uleule, haikuchorwa na mtu aliyekuwa akimwangalia mtoza ushuru peke yake. Tonti aliacha nafasi tangu siku ya kwanza. Mpaka wa 350 ulimpa De Tomaso sababu ya kulipia kazi hiyo.