Mahali pa kuzaliwa: Kwihara au Kwihala?

Kutoka: Dada wa Leicester

Wapendwa, mwangaluka.

Naomba msaada kabla ya Ijumaa. Fomu ya uraia ya huku inauliza mahali pa kuzaliwa. Pasipoti yangu inasema Tabora. Cheti cha ndoa kinasema Kwihara. Cheti cha kuzaliwa, ambacho marehemu baba alikifuata mjini kwa baiskeli, kinasema Kwihala, kwa L. Afisa mwenye faili langu ameandika kwamba anaona sehemu tatu, nieleze nilizaliwa ipi. Tena anasema ameitafuta Kwihara kwenye ramani ya intaneti, alichokiona ni makumbusho. Sasa nimjibu kwamba nilizaliwa makumbusho?

Nikitume cheti nyumbani kibadilishwe, au niandike Tabora yaishe?

Kutoka: Kaka wa Bielefeld

Dada, cheti usikiguse. Ukibadilisha karatasi maombi yakiwa mezani, umempa afisa swali la nne. Mimi huku Ujerumani mfasiri aliyeapishwa "alinisaidia" kunyoosha jina la kijiji changu ili lifanane na la kwenye ramani. Msaada huo ulinigharimu miezi saba na tafsiri mpya. Jina la mahali halitafsiriwi wala halinyooshwi. Linanakiliwa lilivyo, na kosa lake.

Kwenye kisanduku andika kama pasipoti inavyosema, yaani Tabora. Kisha ambatanisha barua yako ya ukurasa mmoja, ueleze kuwa Kwihara na Kwihala ni mahali pamoja na pako pembeni mwa mji wa Tabora. Tafuta kiapo cha mtu mzima aliyekuwepo ulipozaliwa, kilichoapwa mbele ya wakili au hakimu. Pata na barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, nao wanahakiki vyeti kwa mtandao, na jibu lao lina uzito kuliko barua kumi za mashemeji. Kabla hujatuma, mwoneshe wakili wa uhamiaji wa huko. Mimi ni fundi umeme, si mwanasheria.

Kutoka: Mzee wa Uppsala

Marahaba kwa walioamkia na wasioamkia.

Ya fomu ameyamaliza huyo kijana. Mimi nina neno kuhusu "makumbusho tu". Afisa huyo ni Mwingereza, na Waingereza ndio wa mwisho wanaopaswa kuiuliza Kwihara ni wapi.

Tuanze na ardhi. Ukitoka Tabora mjini kuelekea kusini-magharibi, upande wa barabara ya Sikonge, hufiki kilomita kumi. Ni uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, nchi ya miombo, mchanga mwepesi kwenye miinuko na mbuga za udongo mweusi mabondeni, ambako watu hulima mpunga mvua zikishika. Hakuna mto wa maana. Maji ni ya kuchimba. Mgeni hujiuliza kwa nini wafanyabiashara wa Pwani walijenga hapo.

Walijenga kwa sababu ya njia. Msafara kutoka Bagamoyo ukifika Unyanyembe, ndiyo nchi hii ya Tabora, unakuta njia panda. Magharibi ni Ujiji, kaskazini ni Karagwe na Buganda, kusini ni Ufipa na ng'ambo yake. Chakula kipo, na wapagazi wapo, Wanyamwezi wenyewe, ambao walikuwa wakishuka Pwani na pembe za ndovu tangu zamani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857, Waarabu walikuwa wameshatulia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Kwihara ilikuwa jirani yake, matembe makubwa ya udongo yenye paa bapa, na miembe. Miembe ile mpaka leo ndiyo inayokuonesha misafara ilikolala. Pembe hazikupita peke yake, watumwa nao walipita hapo hapo. Hilo usilifiche ukiwasimulia wanao.

Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakaenda kumpiga, wakapigwa wao, na Agosti ile ile akaichoma Tabora. Watu walikimbilia Kwihara. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta mmisionari Livingstone, alikuwa hapo na bidhaa zake, akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe akingoja zamu yake. Mirambo hakufika. Septemba Stanley akazunguka kwa kusini, akamkuta Livingstone Ujiji, na tarehe 18 Februari 1872 wakarudi pamoja Kwihara. Stanley aliondoka Machi 14. Mzee Livingstone alibaki akisubiri wapagazi wa kutumwa kutoka Pwani, akasubiri hadi Agosti 25. Miezi sita na ushei kijijini kwenu, dada! Wapo watu wamepewa uraia kwa kukaa muda mfupi kuliko huo. (Natania, usiliweke kwenye barua.) Mwaka uliofuata watumishi wake akina Chuma na Susi walipita Unyanyembe wakiwa wameubeba mwili wake kuupeleka Pwani. Tembe unaloliona kwenye ramani ni hilo, lilijengwa upya.

Baada ya hapo sitakawia. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani hadi Januari 1893, na alipoona ngome yake imeingiliwa alijilipua kwa baruti. Reli ikafika Tabora 1912. Mzigo ukapanda treni, wapagazi wakakosa kazi, na Kwihara ikabaki na mihogo na nyuki wake.

Kuhusu herufi: Stanley aliandika kwa R. Karani wa baba yako alisikia L. Kwetu L na R ni ndugu wa tumbo moja. Wapo wanaosema Kwikuru na wapo wanaosema Kwikulu, na hiyo "ikulu" ya Dar es Salaam mnayoitamka kila siku ni neno letu la makazi ya mtemi. Mwandikie afisa hivyo.

Kutoka: Kaka wa Rotterdam

Mzee, shikamoo. Nyie wa Tabora mna bahati, jina lenu linagombana na herufi moja. Mimi wa Kigoma nilizaliwa mahali ambapo hapapo. Operesheni Kigoma ya 1972 ilituhamisha kando ya barabara, mikoa mingine ikafuata katika miaka ile hadi 1976. Kule kwa zamani kumebaki michikichi ya babu katikati ya pori, ndiyo alama pekee. Kijiji kipya kilipewa jina jipya, cheti changu kikatolewa kwa jina hilo, huku kadi ya ubatizo ikibaki na la zamani. Nilipokwenda kwenye ofisi moja kuomba pasipoti, niliulizwa kaburi la babu liko wapi, maana sisi wa mpakani kwanza ni Warundi hadi tuthibitishe. Nikamwambia liko chini ya michikichi. Hakucheka.

Kilichonivusha ni barua ya kijiji iliyotaja majina yote mawili na mwaka wa kuhama katika sentensi moja. Dada, hakikisha barua yako nayo inataja majina yote katika sentensi moja. Yakitajwa kwenye karatasi mbili tofauti, wanaona ni mahali pawili.

Kutoka: Dada wa Leicester

Asanteni sana. Mzee, shikamoo na unisamehe, nilikulia umbali wa kutupa jiwe kutoka lile tembe, tukiingia kuiba maembe tu, na sikujua nusu ya hayo.

Barua nimeandika, majina yote sentensi moja. Kiapo cha shangazi kimefika jana kwa simu. Wakili amechapa vizuri kabisa, "Kwihara, pia huandikwa Kwihala". Chini yake shangazi ametia sahihi na kuongeza kwa mkono wake: "Mimi wa Kwihalla". L mbili.

Kaka wa Bielefeld, hii nayo inanakiliwa ilivyo?