Mashine ya ultrasoniki ya kusafishia kabureta: lita ngapi, na maji ya Kigoma je?

Gungu_Gereji

Wakuu, habari za kazi. Nataka kununua mashine ya ultrasoniki, ile inayosafisha kwa mtetemo wa sauti ndani ya maji, kwa ajili ya gereji ya pikipiki hapa Kigoma. Kabureta zinazoingia ni nne hadi sita kwa siku, nyingi za Boxer na TVS. Zikifika siku za mbalamwezi, boti za dagaa zikiwa zimepaki, za injini za boti nazo zinaongezeka. Madukani naona za kila aina, kuanzia kile kidude cha kusafishia miwani hadi za lita 10. Lita ngapi zinatosha? Heater ni lazima? Naweza kutia petroli humo kazi iishe haraka? Na maji ya bomba letu, ambayo ndiyo hayo ya ziwa, hayataacha ukungu mweupe kwenye alumini?

Mwanga_Spea

Naanza na petroli maana hiyo ndiyo itakuunguzia gereji. Hapana. Wala thina, wala spiriti. Hata mafuta ya taa: ukiyafikisha nyuzi 50 au 60 mvuke wake unashika moto, na saketi ya umeme iko chini ya beseni hilo hilo. Humo ni maji na sabuni tu.

Ukubwa usiuanzie kwenye lita, pima kabureta. Beseni la kawaida la lita 3 lina kina cha sentimita 10. Toa nafasi ya kikapu, unabakiwa na saba au nane, na kabureta inatoa kichwa nje. Kilicho nje ya maji hakisafishwi. La lita 6 na nusu ni sentimita 30 kwa 15 kwa 15, zinaingia kabureta mbili za pikipiki bila kugusana. Kwa kazi uliyoitaja chukua hilo. La lita 10 utakuwa unapasha maji mengi kila siku kwa kabureta moja moja. Cha miwani ni cha jeti tu, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli.

Watt zisome kwa makini, maana wauzaji wengi wanajumlisha na za heater. Kinachosafisha ni vile vichwa vya kutetemesha vilivyogundishwa chini ya beseni, kila kimoja watt 50 au 60. Mashine ya lita 6 iwe navyo vitatu, yaani watt 180 za mtetemo peke yake, na masafa yawe kilohezi 40. Iwe pia na koki ya kumwagia pembeni, kwa sababu ukizoea kuinamisha mashine ili umwage maji, siku moja yataingia kwenye saketi.

Kabla hujalipa, ijaribu hapo hapo dukani. Waweke maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kisha ninginiza ndani kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, bila kugusa chini. Dakika moja inatosha. Inatakiwa itoke imetobokatoboka kama nguo iliyoliwa na nondo, kulia na kushoto sawa. Upande mmoja ukitoka laini, kichwa cha upande huo kimekufa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, nenda duka la pili.

Fundi_Ujiji

Mwanga kamaliza ya kununua, mimi naongezea ya kutumia, maana wengi wanakosea hapo halafu wanasema mashine feki.

Sauti haisafishi penye hewa. Kinachong'oa uchafu ni vipovu vidogo sana vinavyozaliwa na kupasuka ndani ya maji. Njia ya kabureta ikibaki na hewa ndani, utapiga hata saa nzima na njia hiyo itatoka kama ilivyoingia. Kwa hiyo ukishaizamisha, izungushe polepole, ielekeze juu kila tundu mpaka povu liache kutoka. Halafu chukua bomba la sindano, vuta maji ya sabuni na uyasukume kwenye njia ya jeti ndogo. Ndipo uwashe.

Kabla ya hapo, vua kila kitu. Floti (boya), nidoli (sindano inayofunga petroli), oring'i zote (mipira ya duara), daiframu na jeti. Skrubu ya hewa usiivute tu: kwanza ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, andika namba, ndipo uitoe pamoja na springi yake, washa (kile kibati cha duara) na oring'i. Ile oring'i ni ndogo kuliko punje ya mchele na mara nyingi inabaki ndani ya tundu bila fundi kuiona. Tope la nje lisugue kwa brashi na lioshe kwanza, la sivyo kabureta ya pili utaiosha kwa matope ya ya kwanza.

Sabuni ni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 10 hadi 15 kwa kila lita. Mashine ya lita 6 basi ni mililita 60 hadi 90. Usitie sabuni ya unga, wala jiki, na magadi ya kutengenezea sabuni usiyasogeze kabisa: yanakula alumini, kabureta inatoka nyeusi na rangi yake ya awali hairudi. Siki nayo inashambulia kabureta zenye zinki. Kama una dawa ya bei kubwa, huna haja ya kujaza beseni lote. Itie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana pamoja na jeti, chupa isimamishe kwenye kikapu ikiwa imezungukwa na maji. Mtetemo unapita kwenye kioo, kwenye plastiki laini unafifia. Dawa hiyo iwe ya maji, si ya kushika moto.

Joto liwe nyuzi 50 hadi 60. Heater inasaidia, lakini usiitegemee kuanza. Ya watt 200 inachukua zaidi ya saa nzima kupandisha lita 6 kutoka nyuzi 25 hadi 55. Chemsha maji jikoni, yachanganye na ya baridi ndooni mpaka yafike joto hilo, kisha mimina. Heater iachie kazi ya kulishikilia. Maji yanayotokota usiyamimine moja kwa moja, gundi ya vile vichwa haiyapendi. Washa mashine ikiwa na maji ya sabuni tu, bila kabureta, kwa dakika 5 hadi 10 ili maji yatoe hewa yake, ndipo uweke kabureta: dakika 10, igeuze, 10 nyingine. Jeti zitie kwenye chujio la chai la waya, zinatosheka na dakika 5. Kitu chochote kisilale kwenye sakafu ya beseni, kinaikwangua mpaka inatoboka. Na usiiwashe bila maji, hata sekunde chache za kujaribu.

Maji ya ziwa: kuoshea hayana shida, shida ni suuza ya mwisho. Maji ya Tanganyika yana pH karibu na 9 na magnesiamu nyingi, yakikauka juu ya alumini yanaacha huo ukungu unaousema, na ndani ya jeti ni mabaya zaidi. Suuza ya kwanza bomba, ya mwisho maji ya mvua yaliyochujwa, au yale maji ya betri ya kuongezea. Soma chupa, maana tindikali ya betri inauzwa rafu hiyo hiyo na chupa zinafanana. Lita moja kwenye bakuli inatosha kabureta kadhaa. Halafu upepo wa kompresa saa hiyo hiyo, kila tundu, kinyume na njia inayopita petroli. Uchafu uliolegea usipopulizwa unahamia mbele na kuziba pembamba zaidi.

Za boti zilizokaa na petroli ya kuchanganya na oili zina gundi ya kahawia ambayo sabuni peke yake haiwezi. Zipulizie dawa ya kabureta nje, penye hewa, ziache nusu saa, zioshe, ndipo ziingie kwenye mashine. Ule unga mweupe wa maji yaliyoingia kwenye tangi unatoka, ila vishimo ulivyochimba vinabaki. Kiti cha nidoli kikiwa na vishimo, kabureta itaendelea kumwaga petroli hata iwe safi vipi.

Isevya_TBR

Naomba kudandia uzi kutoka Tabora. Mashine hiyo hiyo inafaa kusafishia boliti ya shotigani? Ninayo ya kibali.

Mwanga_Spea

Inafaa kwa vipande vya chuma, ikiwa na tahadhari zake. Hakikisha silaha haina risasi, na risasi zenyewe zisiwe hata kwenye chumba hicho. Ingiza boliti, springi na kile kipande kinachovuta ganda. Kitako cha mbao na darubini vibaki nje. Siki na limau usivitie, vinaondoa ile rangi nyeusi ya chuma. Hatari kubwa ni kwamba chuma kinatoka bila tone la mafuta, na msimu wa mvua kutu inaanza ndani ya dakika chache. Suuza kwa maji ya moto ili kikauke chenyewe, puliza, pulizia mafuta ya kufukuza maji, subiri kidogo, futa, kisha paka mafuta mepesi ya bunduki. Maji yake yana risasi, namaanisha madini ya risasi, kwa hiyo vaa glavu na usichanganye na vyombo vya jikoni. Hiyo ni kwa silaha yako. Kupokea za watu ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Gungu_Gereji

Ahsanteni sana wakuu. La mwisho: kabureta ikitoka nyeupe pe, lakini pikipiki bado haina silensa, yaani ukiachia mafuta inazima?

Fundi_Ujiji

Weupe wa nje haukuambii kitu. Inua jeti ndogo uiangalie kwenye mwanga. Tundu lake halifiki nusu milimita na linatakiwa liwe duara kamili. Usilichokonoe kwa waya wa chuma, shaba inapanuka na pikipiki itakunywa mafuta. Tumia unyoya mmoja wa brashi ya nailoni.

Kisha puliza dawa ya kabureta kwenye kiti cha jeti hiyo, macho ukiwa umeyaweka mbali. Lazima itoke kwenye tundu la skrubu ya hewa na kwenye vile vitundu vidogo karibu na mlango wa hewa. Kimoja kikigoma, rudia sindano na dakika 10. Vyote vikitoa, iache kabureta. Angalia raba inayounga kabureta na injini kama ina ufa, angalia nafasi ya valvu, na angalia kama ile oring'i ya skrubu ya hewa imerudi. Skrubu yenyewe irudishe kwa ile mizunguko uliyoandika, ndipo uanze kurekebisha robo kwa robo injini ikiwa ya moto.