Yule dada aliyekuwa anaitikia kwenye albamu ya Damien Rice aliendeleaje?

Mpenda_gitaa: Wakuu habari za jioni. Juzi nimerudia kusikiliza "O", ile albamu ya 2002 ya Damien Rice wa Ireland, nikajikuta namfuatilia dada anayeitikia kuliko hata mwenye albamu. Najua anaitwa Lisa Hannigan, ila baada ya kuachana na Rice sijui alifanya nini. Nauliza kwa sababu na mimi naitikia kwenye bendi ya mtu mwaka wa sita huu na kila nikisema nataka kutoka naambiwa mwitikiaji akitoka ndo basi tena.

Binti_Chumbageni: Ndugu yangu, yeye alipotoka ndo kwanza alianza! Waliachana 2007 bendi ikiwa kwenye ziara, na 2008 akatoa albamu yake Sea Sew bila kampuni kubwa nyuma yake. Mazoezi walifanyia kwenye banda la shamba huko Kilkenny, baridi kweli kweli, af wakaenda kurekodi Dublin fasta fasta maana studio ni hela. Mimi ninayo CD yake. Kava lote limedariziwa kwa mkono, kazi yake mwenyewe na sindano yake, hadi maneno ya nyimbo mle ndani ni uzi, ukiisogeza karibu na taa unaona kila mshono. Mwaka 2009 hiyo hiyo ikaingia orodha ya mwisho ya Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka kule Uingereza, pamoja na kina Florence and the Machine na Kasabian. Hakushinda, alichukua Speech Debelle, lakini kufika pale na albamu uliyojigharamia si mchezo.

besi_nne: Naunga mkono ila tusimdanganye mwenzetu, Lisa alipotoka watu walishaijua sauti yake, miaka kama sita alikuwa anazunguka dunia na Rice, kwa hiyo hakuanza sifuri. Na kujitegemea kuna kipindi kinakauka. Baada ya albamu yake ya pili, Passenger ya 2011, nyimbo ziligoma kabisa, albamu iliyofuata, At Swim, ikaja 2016, miaka mitano! Kilichomkwamua ni Aaron Dessner wa The National, bendi ya Marekani, kumwandikia barua pepe, akawa anamtumia vipande vya muziki yeye anaweka maneno. Hata Rice mwenyewe alishaiacha bendi yake ya Juniper iliyokuwa na mkataba na kampuni kubwa ya muziki, Polygram, na vifaa vya kurekodia "O" alisaidiwa na ndugu yake David Arnold, yule mtunzi wa muziki wa filamu. Mkuu, wewe una nyimbo zako tayari?

Mpenda_gitaa: Asanteni sana, mmenigusa. Ninazo nne, mbili zimekamilika, ziko kwenye simu tu nimejirekodi usiku watoto wakiwa wamelala. Hiyo Sea Sew naanza nayo leo.

Binti_Chumbageni: Anza na wimbo wa "Lille" mle ndani. Af hizo mbili tuwekee hapa tuzisikie.