Kundi: Majirani Tandika

IJUMAA

06:41 Mama Jose: Habari za asubuhi majirani. Kesho Jumamosi ya mwisho wa mwezi, usafi saa 12 na nusu, tunaanzia kwa Mangi mpaka mtaroni. Mbu wa kidingapopo (homa ya dengi) anazaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani kwetu. Makopo, ndoo, vifuu, matairi. Narudia, MATAIRI.

06:44 Baba Nasra: 👍

09:02 Fundi Chidi: Hapo umenisema mimi.

09:03 Mama Jose: Funika kwa turubai au yatoboe, fundi. Maji yasikae.

09:05 Fundi Chidi: Nikitoboa nauza nini?

09:06 Dullah: Machujio ya nazi 😂😂

09:07 Da Rose: Mie nichukulie mawili 😂

09:15 Mama Jose: Dullah, 2019 ulilala wiki nzima unalia mifupa. Leo unacheka.

09:31 Da Rose: Si waje kupuliza dawa tu?

09:34 Mama Jose: Moshi unaua wanaoruka. Mayai yamenata kwenye kuta za ndoo, yanakaa makavu hata miezi, yakipata maji yanaanguliwa. Siku 7 mpaka 10 tayari mbu. Kila wiki mwaga NA usugue.

10:12 Mama Halima: Sisi tunalala kwenye neti, hatuna wasiwasi

10:13 Mama Jose: Huyu anauma mchana mama.

10:40 Baba Nasra: Kuna mchango?

10:41 Mama Jose: 1,000 kila nyumba, ya glovu na mifuko.

10:42 Baba Nasra: Na ile ya mifuniko ya mtaro? Mifuniko iko wapi?

10:44 Ujumbe huu umefutwa

10:47 Mama Jose: Sikuishika mimi. Aliyeishika yumo humu anasoma.

13:20 Dullah: Nani anauza dagaa wa Mwanza?

16:05 Bi Mwajuma: Wanangu. Pesa ya mtaro nitamuuliza mwenyewe, uso kwa uso, si humu. Mjukuu wangu alipopata homa ile tulimpa diklofenaki ya maumivu, tukidhani ni uchovu. Akatoka damu puani na kwenye fizi. Daktari akasema parasetamoli tu, maji mengi, na tumuwahishe hospitali. Mungu akamnusuru. Kesho mtanikuta nje na fagio. Tairi lenye maji nisilione.

16:06 Dullah: Shikamoo bibi. Nitakuja.

16:09 Da Rose: Shikamoo bibi. Nipo.

16:30 Fundi Chidi: Shikamoo bi mkubwa. Turubai ninalo moja tu, halitoshi.

16:32 Mama Jose: Nani ana turubai?

16:50 Dullah: La msiba liko kwa Baba Nasra.

17:15 Baba Nasra: Lile halitoki mpaka katibu aruhusu.

17:16 Mama Jose: Katibu siku hizi nani?

21:52 Mama Halima: Kesho ni saa ngapi vile?

21:53 Mama Jose: 12 na nusu. Glovu nimenunua jozi 10 kwa pesa yangu, waliotuma mchango ni wawili. Baba Nasra, turubai?