Watu 24, wanawake watano! Huu mchezo wa watoto umenikera

Wakuu, nina hasira na kipande cha plastiki. Chekeni tu.

Guess Who? mnaijua, ile iliyotoka mwaka 1979: kila mchezaji ana ubao wenye sura 24 zimesimama, unamuuliza mwenzako maswali ya ndiyo au hapana kuhusu sura iliyo kwenye kadi yake ya siri, unalaza wasiohusika mpaka abaki mmoja. Nilipewa seti ya zamani, nikasema afadhali, watoto wataachana na simu.

Binti yangu akachota kadi, akapata Claire. Huyu mama kavaa kofia, kavaa miwani. Kaka yake: "Ni mwanamke?" Ndiyo. Sura 19 zikalala kwa mkupuo, pa-pa-pa-pa! "Ana miwani?" Ndiyo. Kwisha habari. Maswali mawili tu, hata chai haijapoa.

Zamu ya kaka mtu, kachota dume. Binti naye kauliza, "Ni mwanamke?" Hapana. Kalaza watano, kabaki anahangaika na msitu wa masharubu.

Nikavuta ubao nikahesabu mwenyewe. Wenye upara, 5. Kofia, 5. Miwani, 5. Masharubu, 5. Wanawake? 5! Yaani kuwa mwanamke kumewekwa fungu moja na kuwa na upara! Mwanamume ndiye mtu, mwanamke ni alama ya kumtambulia, kama kofia. Na rangi za ngozi sizigusi leo, nina presha.

Najua watakuja wataalamu wa hesabu hapa, eti sifa ikiwa kwa watu watano ndipo mchezo haumalizwi na swali moja. Sawa, nimeelewa. Basi geuzeni: wanaume watano, wanawake 19, hesabu ni ileile. Mbona hiyo haikumjia mtu kichwani?

Binti hakungoja majibu yenu. Jana nimemkuta sakafuni na mkasi, gundi na kalamu za rangi, kawachora bibi zake wawili, mashangazi wote na mwalimu wake, anawabandika juu ya wale wa masharubu. Shangazi mmoja kampa kofia na masharubu kabisa, "ili wasimpate haraka."

Nikamuuliza, mama, mbona mimi sijioni humo? Akanitazama kichwani, akarudi kwenye gundi yake.

"Baba, wenye upara wameshatimia watano."