Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kutengeneza tovuti na blogu?

Ndugu wanajamvi, salaam. Vijana wengi wananiuliza kama inawapasa kujifunza HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) kwanza, au waingie moja kwa moja kwenye Blogger na WordPress, majukwaa yenye zana tayari za kuundia blogu na tovuti. Naomba waliokwisha kupita njia hiyo waeleze walianzia wapi na ni jambo gani hasa lililowafungua macho.

Mchangiaji wa Morogoro:
Mleta mada, mimi nilianza na Blogger kwa kuwa haikudai seva (kompyuta ya kuhifadhia tovuti) wala malipo, na akaunti ya Google ilitosha. Wakati huo tulikuwa tukisoma blogu ya Jikomboe ya Ndesanjo Macha na blogu ya picha ya Issa Michuzi, nasi tukatamani kuwa na zetu. Hata hivyo, kuandika makala hakukunifundisha ufundi wowote. Aliyenifundisha ni templeti (muundo wa blogu uliokwisha kutengenezwa) ya bure niliyoipakua mtandaoni. Chini yake palikuwa na kiungo cha mtengenezaji, na kila nilipokiondoa, msomaji alihamishiwa kwenye tovuti ya mtu huyo, kwa sababu ndani mlifichwa skripti (programu fupi) iliyoandikwa kwa herufi zisizosomeka. Ilinibidi nifungue msimbo wote wa templeti, nifute kipande kimoja na kutazama matokeo, kisha nirudishe na kujaribu kingine, hadi nikatambua kichwa cha ukurasa kinaishia wapi, mtindo wa CSS (maelekezo ya rangi na mpangilio) unakaa wapi na skripti inaitwa kutoka wapi. Tangu hapo sijaogopa msimbo.

Mchangiaji wa Mombasa:
Njia yangu ilikuwa kinyume, nami ningeirudia. HTML haihitaji bando: unaandika kwenye Notepad, unahifadhi faili kwa jina la index.html, unaifungua kwa kivinjari, basi. Baadaye niliweka XAMPP kwenye kompyuta yangu, ambayo inakupa Apache (programu ya seva), PHP (lugha ya msimbo inayotumiwa na WordPress) na hifadhidata, nikaendesha WordPress humo bila kulipia seva. WordPress 5.0 ilipokuja Desemba 2018 na kihariri cha vitalu (sehemu ya kuandikia inayogawa ukurasa vipande vipande), wenzangu waliozoea kihariri cha zamani walilalamika sana, ilhali mimi niliona kwamba kila kitalu ni HTML ileile niliyokuwa nikiiandika kwa mkono.

Mchangiaji wa Dodoma:
Kwa heshima zote, kaka zangu, mteja hakuulizi msimbo. Huwa natengeneza tovuti za shule na vikundi, na swali lao la kwanza ni kama ukurasa unafunguka upesi kwenye simu. Picha iliyopigwa kwa simu huweza kufika MB 4. Ukiweka kumi katika ukurasa mmoja, umemmalizia mzazi bando lake kabla hajaona ada ya muhula. Mimi hupunguza upana wa picha hadi pikseli 1200 hivi, na uzito wake chini ya KB 200, kisha naondoa plagini (programu za nyongeza) zote zisizo na kazi. Somo hili ningependa lifundishwe siku ya kwanza, kabla ya rangi na mapambo.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:
Nakubaliana na dada wa Dodoma, nami naongeza la makaratasi. Jina la domeini (anwani ya tovuti), liwe .co.tz au .or.tz, lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye tovuti, si ya fundi, kwani siku wakikosana ndipo jina linapozuiliwa. Pia tusisahau kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu Tanzania kuwa na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Ada ya leseni ilikuwa shilingi milioni 1, na wapo walioacha kuandika kwa sababu hiyo. Kanuni zimebadilishwa tangu wakati huo, kwa hiyo anayeanza leo asome zile zinazotumika sasa.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Je, yupo aliyehamisha blogu kutoka Blogger kwenda WordPress bila kupoteza wasomaji wanaofuata viungo vya zamani? Atueleze alifanyaje, hatua kwa hatua.